Dungu Lililofungwa kama Kuni

Tamimu alikuwa na ugonjwa wa kutazama majengo. Si majengo ya Wadachi, maana boma lao alipoliona mara ya kwanza alisema linafanana na jeneza lililotobolewa madirisha, na mama yake akamnyamazisha kwa kofi la mgongo. Ugonjwa wake ulikuwa madungu, vile vibanda vya juu vinavyosimama katikati ya mashamba ya mpunga, miguu majini, watu hewani.

Kwa watu wa bonde la Ruaruke dungu lilikuwa chombo tu, kama mchi, kama ungo. Mvua zikikaribia mtu aliacha nyumba yake ya mwinukoni akahamia bondeni, akakaa juu ya dungu lake mpaka mpunga uvunwe. Humo ndimo alimopika, kwenye jiko la udongo uliokandikwa juu ya fito. Humo ndimo alimolala, na humo ndimo alimoshinda kutwa akiamia ndege, yaani kuwapigia kelele na kuwarushia mawe kwa teo wasile punje. Mto ukifurika, mtumbwi ulifungwa ngazini kama mbuzi. Dungu likisimama hakuna aliyelitaja. Likianguka, ndipo utasikia.

Tamimu aliyataja yakiwa yamesimama. Alfajiri, mama yake Mwanamina akiwa anapuliza moto, yeye alikuwa kashaketi ukingoni, miguu inaning'inia, anayatazama ya wenzake kama mtu anayetazama maharusi wakipita.

"Mama, mwone Mzee Mtoro. Paa kalishusha mpaka puani, utadhani anamkwepa mkwewe. Lakini tazama lilivyokaa! Upepo ukija unateleza tu, haupati pa kushika."

"Njoo ushike chungu," mama yake alijibu.

"Na la Mwajabu je? Miguu kaipanua kama anasubiri mtu aseme upuuzi ili amjibu."

"Chungu, Tamimu."

Alijua kila dungu limefungwa na mkono wa nani. Nguzo za watu wote zilitoka kwenye mikoko ile ile na nyasi za paa zilikatwa mahali pamoja, ila kamba ilikuwa na mwenyewe. Yuko aliyefunga kwa hasira, yuko aliyefunga kwa uvivu, na yuko Mrisho, kaka yake Tamimu kwa baba mkubwa, ambaye alitumia mkono wa kushoto, kwa hiyo kamba zake zilizunguka nguzo kinyume na za ulimwengu mzima. Ukilitazama dungu la Mrisho kwa muda, shingo yako yenyewe ilianza kuinama upande.

Mwaka ule dungu la Mrisho halikufungwa na Mrisho.

Vita vilikuwa vimeanza mwaka uliotangulia, ng'ambo ya mto, huko Umatumbi, watu walipochoka kupalilia pamba ya Mdachi huku nguruwe wakiwavunia mashamba yao wenyewe. Wajumbe wa dawa walivuka kwa siri mpaka upande huu, na yale maji yao ambayo waliahidi yatazigeuza risasi ziwe maji. Tamimu alipoulizwa kama atakunywa, alijibu kwamba yeye hanywi maji bila kula wali kwanza. Watu wakacheka. Mrisho hakucheka. Alikunywa, akavuka mto, na mkewe, Mwantum, akaachiwa neno moja tu la kusema: mume wangu yuko Kiongoroni, anakata boriti.

Lilikuwa neno zuri. Kiongoroni ni mbali, ni huko mto unakokaribia kuwa bahari, na mtu akienda huko kukata mikoko akapotea mwezi na mwezi hakuna anayeshtuka. Kijiji kizima kililimeza neno hilo, na kila kilipoulizwa kililitoa lilivyo.

Mvua zilipokaribia, Tamimu alikuwa kakamatwa upagazi, anabeba masanduku ya Wadachi huko njia ya Mchukwi, kwa hiyo Mwantum alijijengea. Mwajabu, jirani wa shamba la pili, alimsaidia kusimamisha nguzo. Kamba Mwantum alifunga mwenyewe, na kwa kuwa maisha yake yote hakuwahi kufunga nguzo, alifunga kwa fundo pekee ambalo mikono yake ililijua, lile la kufungia mzigo wa kuni: kamba mara mbili kiunoni, kaza kwa goti, kifundo juu. Mwajabu alicheka mpaka akakaa matopeni.

"Mwenzangu, unajenga au unakwenda kupika?"

"Wewe shika nguzo."

Dungu likasimama. Tamimu aliporudi na mabega yamechubuka, kitu cha kwanza kukiona bondeni kilikuwa dungu lile, na alikaa ukingoni mwa lake akalitazama mpaka uji wake ukapoa. Kila kiungo kilikuwa mzigo wa kuni. Mtu angesema ni mwanamke aliyebeba kuni miaka yote akaamua siku moja kuitua mizigo yake yote mahali pamoja, mmoja juu ya mwingine, halafu akapanda kukaa juu. Hakuwa ameona kitu kizuri kama kile.

Lakini angelisemaje? Mwantum alikuwa shemeji yake, na huko kwao shemeji na shemeji hawasifiani. Ni utani mtupu, kutoka siku ya arusi hadi siku ya kuzikana. Kila asubuhi walirushiana maneno juu ya mpunga, shamba zima likisikia.

"Eee shemeji! Dungu lako limeamka?"

"Limeamka! Linauliza la kwako lilikufa lini!"

Basi jambo lile la kuni alilitafutia tusi linalolingana nalo. Alilisuka kichwani siku kadhaa, akalipunguza hapa, akaliongeza pale, mpaka likawa tamu kiasi kwamba alicheka peke yake majini akipalilia. Akaliweka. Alisubiri asubuhi nzuri ya kumrushia, ikiwezekana mbele ya watu.

Asubuhi nzuri haikuwahi kufika. Akafika Akida.

Alikuja na mtumbwi mkubwa na askari wawili wa Wadachi, akitafuta wanaume ambao hawakuwapo makwao. Alihitaji mpiga kasia anayejua mikondo ya bondeni, na kidole chake kikamwangukia Tamimu. Akida huyu alikuwa mtu wa pwani, kanzu safi, sauti laini, na kicheko kilichokuwa karibu sana na midomo. Kwa muda mrefu Tamimu alipiga kasia bila kusema kitu, jambo ambalo mama yake asingeliamini.

Ndipo Akida akaangaza kushoto na kulia, akasema, "Hivi nyinyi mnakaa katika matundu ya kuku?"

Angemtukana Tamimu mwenyewe, Tamimu angemeza. Angemtukana hata baba yake, marehemu, pengine pia angemeza, maana bunduki zilikuwapo. Lakini madungu!

"Matundu ya kuku, Bwana Akida? Hebu tazama vizuri. Lile pale, unaliona lilivyojinamia? Lina mzee ndani. Mto umelipiga miaka mingapi na bado unapita pembeni. Na ngazi zake, tazama, vidaraja vya chini vimeachana na vya juu vimekaribiana, kwa sababu mtu akitoka shambani miguu ina nguvu, akifika juu imeisha. Kuku gani anajua hivyo?"

Akida alimtazama. Halafu akacheka, kicheko cha kweli. "Kumbe una mdomo wewe. Na lile?"

"Lile la Mwajabu. Ukilitazama sana litakuuliza una shida gani."

Askari mmoja akaguna. Tamimu akaona meno. Hakuna kitu kitamu duniani kwa mtu wa mdomo kama kuchekesha watu wenye bunduki, unajiona umezinyang'anya. Kasia likawa jepesi mkononi. Akawapitisha bonde lote, dungu kwa dungu, akiwapa kila moja na sifa zake, na siku hiyo aliyasifu madungu kuliko alivyowahi kuyasifu, kwa kuwa kwa mara ya kwanza alikuwa na watu wanaosikiliza bila kumwambia ashike chungu.

"Na lile kule mwisho?" Akida akauliza. "Lile lina nini? Mbona kama limevaa vilemba?"

Mate yalimjaa Tamimu kinywani. Tusi lake lilikuwa hapo, limeiva.

"Lile, Bwana Akida, ni la shemeji yangu. Limefungwa kama mzigo wa kuni. Hana wasiwasi na mafuriko yule. Nguzo zikichoka kusimama, atazibeba kichwani aende nazo nyumbani."

Akida alicheka mpaka kofia ikataka kumtoka. Askari walicheka mtumbwi ukayumba. Tamimu naye alicheka, akiinamia kasia lake, na moyoni alijua hilo ndilo bora kuliko yote aliyowahi kutunga.

Akida alifuta macho kwa kidole. "Kwa hiyo limefungwa na mwanamke."

"Wallahi, bwana. Kamba haifichi mkono."

"Na mume?"

"Yuko Kiongoroni, anakata boriti." Neno lilimtoka lenyewe, kama linavyomtoka kila mtu.

"Aa." Akida aliutia mkono majini, akautazama ukipasua maji. "Mimi ni mtu wa pwani, sijui mambo ya mashamba. Lakini nimesikia mvua zikikaribia, wakata boriti wote hurudi makwao kufunga madungu. Au nimesikia vibaya?"

Kasia liligonga ubavu wa mtumbwi.

"Huyo ni mvivu tu, bwana," Tamimu alisema. "Mvivu sana."

Safari hii hakuna aliyecheka. Walipofika bandarini Akida alimpa kipande cha tumbaku, akamwambia, "Umetufurahisha," akaenda zake taratibu, kanzu kaikunja isiguse matope.

Kesho yake, jua likiwa limeshapanda, Tamimu aliona moshi upande wa mwisho wa bonde akadhani shemeji yake kachelewa kupika. Kisha moshi ukawa na sauti.

Paa la nyasi haliombi muda. Alipofika, akikimbia katikati ya mpunga wenye maji ya magotini, nguzo tu ndizo zilizokuwa zimebaki, na zenyewe zinaungua kutoka juu, kifundo baada ya kifundo kikifunguka na kudondoka majini kwa sauti kama chafya. Askari walishaondoka. Mwantum alikuwa amesimama na mkeka mmoja kwapani. Chakula chake chote cha akiba kilikuwa mle ndani. Mpunga wake ulikuwa umesimama pande zote, mbichi, haujatoa hata suke, na mtu asiye na dungu mpunga wake ni wa nguruwe.

Watu walikusanyika. Mwantum alisimulia mara moja tu, kwa sauti kavu.

"Wameniuliza mume, nikasema Kiongoroni. Mmoja akasema akirudi aje bomani, atueleze boriti za huko zikoje. Halafu yule mwingine anawasha, huku anacheka. Ananiambia, 'Mama, leo mzigo wako wa kuni umepata moto.'" Akawatazama wote. "Kajuaje? Kajuaje kuwa nimefunga kama kuni? Askari hatambui fundo la kuni. Aliyeniona nikifunga ni mtu mmoja."

Macho yake yalikuwa kwa Mwajabu.

"Mimi?" Mwajabu alishika kifua. "Mwantum, mimi niliyekushikia nguzo?"

"Wewe uliyecheka ukakaa matopeni."

"Kucheka na kusema ni kitu kimoja?"

"Mwenye kucheka ndiye mwenye kusimulia."

Tamimu alikuwa amesimama katikati yao, maji yanamchuruzika. Ulikuwa ndio wakati. Ulifunguka mbele yake mpana kama mlango wa ghala, na mdomo wake, ambao haukuwahi kukosa cha kusema hata msibani, ulikauka. Mama yake Mwanamina alimtazama mara moja. Alijua nani aliyepiga kasia jana. Akageuka kumfunika Mwantum kwa kanga yake.

Siku ile ile Tamimu alianza kung'oa nguzo za dungu lake mwenyewe. Mto ulikuwa umejaa; kwenda Kiongoroni kukata mikoko mipya kungechukua muda ambao mpunga usingeungoja.

"Na sisi tukae wapi?" mama yake aliuliza kutoka juu, akiona sakafu inapungua.

"Tutabanana, mama."

"Tutabanana." Alimtazama akivuta nguzo matopeni, mishipa ya shingo imemtoka. "Unajenga kama mtu anayefukuzwa, mwanangu."

Tamimu aliendelea kuvuta.

Alimjengea Mwantum dungu ambalo bonde lile halikuwa limewahi kuliona. Hakukusudia liwe zuri. Alikusudia mikono yake ichoke asiweze kufikiri. Lakini mikono ilikuwa na elimu yake. Kila kamba aliipitisha mara nyingi kuliko ilivyohitajika, akailaza moja kando ya nyingine bila mwanya, kama nywele zilizosukwa na mtu mwenye subira. Paa alilikata ukingo wake sawasawa. Ngazi aliipa vidaraja vya Mzee Mtoro, vya chini vimeachana, vya juu vimekaribiana. Jiko alilikandika mwenyewe, akalipapasa na kulipapasa mpaka likawa laini kama kiwiko cha mtoto.

Watu wakaanza kuja kulitazama. Watu wa Ruaruke, ambao tangu wazaliwe hawakumwambia Tamimu lolote kuhusu madungu ila ashike chungu, walisimama na mitumbwi yao wakatazama juu.

"Hili ningependa kufia humu," alisema Mzee Mtoro.

"Kijana ana mkono."

"Ana moyo, si mkono. Mwenzake yuko mbali, yeye kamjengea mkewe."

Kila sifa ilimwingia kama mwiba wa samaki, ile namna ambayo ukikohoa unazidi kuingia. Kwa mara ya kwanza aliliona dungu zuri na asilitake. Akalitazama akaona tumbaku ya Akida, aliyoitupa mtoni siku ile ile aliyopewa, na ambayo kila siku alihisi bado imo mkononi.

Mwantum alipanda. Alizigusa kamba, moja moja. Akakaa, akalala, akaamka, akachungulia chini. Tamimu alisubiri tusi. Alilihitaji kuliko chakula.

"Shemeji," Mwantum alisema. Akasita. "Ni zuri."

Katika miaka yote ya kuolewa kwake hakuwahi kumwambia neno kama hilo. Tamimu aliinama akajifanya anakaza fundo lililokwisha kukazwa.

Mpunga ukatoa masuke, yakajaa maziwa, na ndege wakaja.

Jambo la ndege, asiyelima bondeni halijui: dungu halifukuzi ndege, liwe zuri liwe bovu. Wanaofukuza ni majirani wanaopiga kelele pamoja. Kundi likishuka kwa Mwajabu, Mwajabu akipiga kelele na Mwantum naye apige wakati huo huo, ndege wanakosa pa kukaa wanapita kwenda porini. Mmoja akipiga na mwenzake kanyamaza, amewahamisha tu. Na hawa wawili walikuwa hawasemezani. Mwajabu, moyo ukimuuma kwa kusingiziwa, alipiga kelele zake peke yake, na wingu zima la ndege lilihama kwake likaangukia kwa Mwantum. Mwantum naye alilirudisha. Mchana kutwa wingu lilikwenda na kurudi juu ya mpaka wao, na kila lilipotua lilikula. Lakini la Mwajabu lilikuwa shamba la watu wengi, lina mabinti wa kupokezana. Mwantum alikuwa na koo moja, nalo lilikuwa linakwisha.

Kutoka dungu lake lililobaki nusu, Tamimu alimwona amesimama juu ya ile kazi nzuri ya mikono yake, anazungusha teo, mdomo umefunguka na sauti haitoki. Alijaribu kupiga kelele naye, lakini shamba lake lilikuwa mbali. Ndege walimsikia kama mtu anavyosikia ugomvi wa kijiji kingine.

Akashuka, akavuka mpunga, akasimama chini ya ngazi.

"Hodi dungu."

"Karibu, shemeji." Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza. "Umekuja kudai nguzo zako?"

"Shemeji, Mwajabu hakusema kitu."

"Usinianzie."

"Ni mimi niliyesema. Nilikuwa napiga kasia mtumbwi wa Akida. Mimi ndiye niliyewaambia."

Mwantum alimtazama. Halafu akacheka, kicheko kibovu cha koo lililochubuka, akajipiga paja. "Loo! Umeanza! Nilisema umenyamaza sana, lazima unapika kitu."

"Wallahi nakwambia kweli."

"Na Mdachi naye ulimwoza dada yako?" Akageuka upande wa mpaka, akasahau ugomvi kwa raha ya mzaha. "Mwasikia huyu? Leo kaja na mpya!"

Mwajabu, juu ya lake, aligeuza shingo kidogo tu.

Tamimu alisimama pale, maji magotini, na akaelewa kitu ambacho kilimtia baridi. Alikuwa ameufundisha ulimwengu wote usimwamini. Angeweza kuapa kwa msahafu, wangeshika mbavu. Angeweza kulia, wangesema anaigiza vizuri. Na angeweza, hilo ndilo lililomtisha zaidi, kucheka nao sasa hivi, aseme "Nimekupata, shemeji," na jambo liishe, na mpunga uliwe, na yeye abaki mtu mwenye moyo.

"Nilisema hivi," akasema. "Nilisema, limefungwa kama mzigo wa kuni. Hana wasiwasi na mafuriko. Nguzo zikichoka kusimama, atazibeba kichwani aende nazo nyumbani."

Kicheko cha Mwantum kilikatika.

Ndege walitua, na hakuna aliyewafukuza.

"Hayo ya kichwani," alisema polepole, "sijamwambia mtu. Aliyasema yule askari wakati anaondoka. Sikumwambia mtu."

"Najua sasa."

"Hujui. Unajua kwa nini sikumwambia mtu?" Alishuka kidaraja kimoja. "Kwa sababu nilikaribia kucheka, Tamimu. Dungu langu linawaka, chakula changu kimo ndani, mume wangu sijui yuko hai au amekufa, naambiwa neno lile, na kicheko kikanipanda mpaka hapa. Nilijichukia tangu siku ile. Nikasema mimi ni mwanamke wa namna gani. Kumbe ni wewe. Nilijua ladha yake. Nilijua, ila sikujua naijulia wapi."

Tamimu alitaka apigwe. Ngazi ilikuwa na fito nyepesi, Mwantum angeweza kung'oa mmoja. Hakuung'oa.

"Nilikutungia wewe," alisema. "Nililitunza nikusemee wewe. Lilikuwa zuri dungu lile, shemeji. Lilikuwa zuri kuliko hili. Sikujua nilisemeje."

"Ukamwambia Akida."

"Nikamwambia Akida."

Tamimu akashika nguzo ya ngazi, akasema, "Nilibomoe hili?"

"Ulibomoe ndege wanimalize?" Mwantum alipandisha kile kidaraja alichoshuka. "Dungu halina mdomo. Litakaa." Akageuka, akavuta pumzi, na kwa kile kilichobaki cha sauti yake akaita, "Mwajabu eee!"

Ng'ambo ya mpaka Mwajabu akageuza mgongo.

"Mwajabu! Nilikusingizia!"

"Nani kakwambia?" Mwajabu aliita, bado kageuza mgongo.

"Mwenyewe yuko hapa, anakiri. Nitakuja kukushika miguu jua likizama. Sasa hivi wanatoka kusini, piga na mimi!"

Mwajabu aligeuka. Alimwona Tamimu chini ya ngazi, akamtazama kwa muda mrefu kuliko Tamimu alivyopenda. Halafu akainua teo lake, na wanawake wawili wakapiga kelele kwa mpigo mmoja, na wingu la ndege likainuka, likasita juu ya mpaka, halikupata pa kutua, likaenda.

Sehemu ya mpunga wa Mwantum ilipona. Haikuwa nyingi, lakini ilipona. Habari za Mrisho hazikuja, wala za kifo wala za uzima, na watu walipouliza, Mwantum aliendelea kujibu Kiongoroni, ila sasa kila mtu aliyesikia neno hilo aliangalia chini.

Tamimu alikaa ukingoni kila asubuhi kama zamani. Dungu lake lilibaki na nusu ya miguu, limeegama kama mlevi anayetafuta ukuta, paa limeshuka upande mmoja, ngazi haigusi chini. Katika bonde zima hakukuwa na dungu baya kama lile. Lilikuwa tusi lililokwisha kutungwa. Lilihitaji tu mtu wa kulisema. Aliziona kamba za dungu la shemeji yake kwa mbali, na siku moja aliona ngazi ya dungu lile imefunguliwa ikafungwa upya: kamba mara mbili kiunoni, kifundo juu. Moyo ukamruka.

Asubuhi iliyofuata mtumbwi wa Mwantum ulipita chini yake, umebeba miganda ya mpunga kwenda mwinukoni. Tamimu aliinama mbele. Mwantum aliacha kupiga kasia. Alilitazama dungu lote, ile miguu mifupi, lile paa lililoanguka bega, sakafu ambayo Mwanamina alikuwa amejikunyata pembeni yake akipuliza moto. Alilitazama taratibu, hakuacha kitu. Sema, Tamimu aliomba moyoni. Sema lolote. Sema limekufa lini.

Mwantum aliweka kasia miguuni, akashusha ukaya wake vizuri kichwani, akainamisha uso kama mtu anayempitia mkwewe njiani.

"Shikamoo, kaka Tamimu," alisema. "Mmeamkaje huko?"

Maji yaliupeleka mtumbwi kidogo.

"Marahaba," Tamimu alijibu.